James Watt: miaka kumi ya kutafuta silinda isiyovuja

Msikilizaji wetu, chukua taa ya umeme au paneli ya sola uliyonunua Tukuyu mjini, uigeuze usome nyuma yake. Utaona namba, na baada ya namba herufi W. Fundi atakwambia hiyo ni wati: taa ya wati 5, paneli ya wati 50. Neno hilo ni jina la mtu. Aliitwa James Watt, fundi wa Uskoti aliyezaliwa mwaka 1736 na kufariki mwaka 1819. Wengi tulifundishwa shuleni kwamba yeye ndiye aliyevumbua injini ya mvuke.

Ukweli ni kwamba injini ya mvuke ilikuwepo kabla yake. Watt aliifanya itumie makaa machache, na hapo ndipo ikaenea duniani. Lakini wazo lake lilikaa miaka kumi bila kuzaa chochote. Sababu yake ni ya kifundi, na kila mwenye mashine ya kusaga hapa Lufingo ataielewa: hakupatikana mtu wa kuchonga ndani ya chuma tundu kubwa lenye duara kamili. Vifaa vilitetemeka, chuma kilipinda, mvuke ukavuja.

Katika makala haya tunasimulia maisha ya Watt na jinsi kikwazo hicho kilivyoondolewa, maana mafundi wetu wanapambana nacho mpaka leo.

Mtoto wa fundi wa meli

James Watt alizaliwa tarehe 19 Januari 1736 katika mji wa bandari wa Greenock, magharibi mwa Uskoti. Baba yake alikuwa fundi wa meli na mfanyabiashara. Mama yake, Agnes Muirhead, ndiye aliyemfundisha kusoma, kwa kuwa mtoto huyo alikuwa mgonjwa mgonjwa na hakuweza kwenda shule kila siku. Maumivu ya kichwa yalimwandama tangu utotoni hadi uzeeni.

Alichokipata nyumbani badala ya shule ni karakana ya baba yake. Humo alijifunza kutengeneza vitu vidogo kwa mikono: mifano ya mashine, vifaa vya mabaharia, vipande vya shaba na mbao vilivyotakiwa kukaa pamoja bila kuacha nafasi.

Mama alifariki mwaka 1753 na biashara ya baba ikayumba. Kijana akalazimika kujitafutia. Mwaka 1755 alikwenda London kujifunza utengenezaji wa vifaa vya kupimia. Kwa desturi ya wakati ule, mwanafunzi wa ufundi alikaa kwa bwana wake miaka saba. Watt alilipa ada akafundishwa mwaka mmoja tu, akifanya kazi muda mrefu na kula kidogo, kisha akarudi Uskoti mwaka 1756 akiwa amedhoofika lakini anajua kazi.

Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Glasgow kilimpa chumba cha karakana ndani ya chuo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza na kurekebisha vifaa vya walimu. Humo alifahamiana na wasomi, akiwemo Joseph Black, mtaalamu wa elimu ya joto. Fundi asiye na shahada akawa anakaa na maprofesa, na walimheshimu kwa sababu alijua kuuliza.

Kazi ndogo ya kurekebisha

Majira ya baridi ya mwaka 1763 kuelekea 1764, aliletewa mfano mdogo wa injini ya mvuke uliokuwa hautaki kufanya kazi. Ulikuwa mfano wa injini ya Thomas Newcomen, Mwingereza ambaye injini yake ya kwanza ilianza kazi mwaka 1712. Injini hizo zilitumika kuvuta maji kwenye migodi ya makaa ya mawe.

Zilifanya kazi hivi. Ndani ya pipa refu la chuma, ambalo tunaliita silinda, kuna kizibo kinachopanda na kushuka, yaani pistoni. Mvuke unaingia chini ya pistoni nayo inapanda. Kisha maji ya baridi yanarushwa ndani ya silinda, mvuke unageuka kuwa maji, nafasi inabaki tupu, na hewa ya nje inaisukuma pistoni kushuka. Halafu mvuke unaingia tena.

Watt aligundua hasara iliyokuwamo. Kila mzunguko silinda ilipozwa, kisha ikabidi ipashwe moto upya. Ni sawa na mama anayechemsha maji ya chai, akaitumbukiza sufuria kwenye maji ya mtoni, akairudisha jikoni, akaitumbukiza tena, na kuendelea hivyo kutwa nzima. Kuni nyingi zinaishia kupasha sufuria, si kuchemsha maji.

Mwezi Mei 1765, akiwa matembezini siku ya Jumapili kwenye uwanja wa Glasgow, jibu lilimjia. Mvuke upelekwe kwenye chumba kingine kilicho pembeni, upozwe huko. Silinda ibaki na joto wakati wote, na chumba cha pembeni kibaki baridi wakati wote.

Alijaribu wazo hilo kwa bomba la sindano la daktari, la shaba, lenye upana usiofika inchi mbili. Lilifanya kazi. Watt alikuwa na umri wa miaka 29, ameoa mwaka mmoja kabla, na mkononi ana wazo la kubadilisha migodi yote ya Uingereza. Kilichobaki kilionekana chepesi: kutengeneza injini hiyohiyo kwa ukubwa wa kufanyia kazi.

Silinda isiyokuwa duara

Hapo ndipo miaka kumi ilipopotelea.

Injini ya zamani ya Newcomen haikuhitaji silinda nzuri sana. Juu ya pistoni mafundi walimwaga maji, nayo yakaziba mianya yote. Silinda ikiwa na upande uliobonyea, maji yalificha aibu. Watt hakuweza kutumia ujanja huo, maana maji yangepoza silinda, na shabaha yake yote ilikuwa silinda isipoe. Kwa hiyo pistoni yake ilitakiwa kugusana na ukuta wa silinda pande zote, juu hadi chini, pasipo maji ya kuziba.

Mfadhili wake wa kwanza alikuwa John Roebuck, mmoja wa waanzilishi wa kiwanda cha chuma cha Carron. Mwaka 1769 Watt alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya kulinda uvumbuzi wake, na mwaka huohuo injini ya majaribio yenye silinda ya inchi 18 ilijengwa mahali paitwapo Kinneil. Ilivuja. Watt alijaribu kuziba pengo kati ya pistoni na silinda kwa kila alichoweza kukipata: kizibo cha gome la mti, matambara yaliyolowekwa mafuta, karatasi, hata kinyesi cha farasi. Upande mmoja ukizibika, upande mwingine unaachia, kwa sababu umbo la ndani lilibadilika kadiri pistoni ilivyosafiri. Silinda ya madini laini kuliko chuma nayo ilijaribiwa, lakini madini laini hubonyea.

John Smeaton, mhandisi aliyeheshimiwa sana Uingereza wakati huo, aliisifu akili ya Watt lakini hakuamini kwamba injini yake ingeweza kujengwa. Aliona kuwa vifaa vya kuitengenezea havijapatikana, na mafundi wa kuitengeneza hawapo. Smeaton hakusema kwa chuki. Yeye mwenyewe ndiye aliyesanifu mashine ya kuchonga silinda katika kiwanda cha Carron, na alijua uwezo wake na mwisho wake.

Kwa nini tundu linapotoka

Msikilizaji, tusimame kidogo tuelewe ugonjwa wenyewe.

Silinda kubwa huanza kwa kusubu: chuma kinayeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Kinapopoa hakipoi sawasawa. Sehemu nyembamba inatangulia kuganda, sehemu nene inafuata, na kila moja inasinyaa kwa wakati wake. Matokeo yake ni pipa lililojivuta upande, lenye ndani kama yai badala ya duara. Hiyo ndiyo hali ya kupinda kwa sababu ya joto.

Kisha ndani ya pipa hilo inapitishwa mashine yenye kisu cha kukwangua. Katika mashine za wakati ule, kisu kilifungwa kwenye ncha ya mtaimbo mrefu ulioshikwa upande mmoja tu. Mtaimbo mrefu ulioshikwa upande mmoja unalemewa na uzito wake, ncha inainama. Smeaton alijaribu kuusaidia kwa kuweka chini ya ncha kigari chenye magurudumu. Lakini kigari hicho kilitembea ndani ya silinda ileile iliyopinda. Kiliposhuka kwenye bonde, kisu kilishuka nacho. Kilipopanda, kisu kilipanda. Kisu kikawa kinafuata makosa badala ya kuyaondoa.

Jambo la tatu ni mtetemo. Kisu kinapouma chuma, mtaimbo unasukumwa nyuma kidogo kama mwanzi, kisha unarudi kwa nguvu na kuuma zaidi, kisha unasukumwa tena. Unaacha vimawimbi juu ya chuma. Mzunguko unaofuata, kisu kinakutana na vimawimbi hivyo, kinarushwa zaidi, na vimawimbi vinakua. Unaijua barabara ya vumbi inavyoota vimatuta vidogovidogo vilivyopangana? Gurudumu la kwanza linaruka kwenye jiwe, linaposhuka linachimba, gari la pili linaruka palepale na kuchimba zaidi. Ndani ya silinda ni hivyohivyo.

Jaribu mwenyewe nyumbani. Shika mwanzi kwa ncha moja, mwenzako akandamize ncha ya pili. Halafu uweke juu ya mawe mawili, jiwe moja kila mwisho, akandamize katikati kwa nguvu ileile. Hesabu za wahandisi zinaonyesha kwamba mwanzi uliolala juu ya mawe mawili unapinda mara 16 pungufu ya ule ulioshikwa upande mmoja. Na ukiurefusha mara mbili ule wa upande mmoja, kupinda kwake kunaongezeka mara 8.

Hiyo ndiyo sababu sindano ya shaba ilifanya kazi vizuri na silinda kubwa ikakataa. Wazo lilikuwa lilelile. Ukubwa ulipoongezeka, uzito na urefu vilileta matatizo ambayo kitu kidogo hakiyaonyeshi.

Miaka ya dhiki

Watt alikuwa na familia, na injini isiyofanya kazi hailishi mtu. Akawa mpimaji wa mifereji ya maji ya kupitishia mashua, akizunguka kwenye mvua na baridi ya Uskoti kwa ajili ya mshahara. Kwa tabia alikuwa mtu wa kukata tamaa upesi, na barua zake za miaka ile zimejaa huzuni.

Mwaka 1773 ulimpiga mara mbili. Roebuck alifilisika. Na mwezi Septemba, Watt akiwa mbali kaskazini kwenye kazi ya upimaji, mke wake Margaret alifariki wakati wa kujifungua. Watoto wawili wakabaki bila mama.

Mwenye kiwanda wa Birmingham aitwaye Matthew Boulton, ambaye Roebuck alikuwa na deni kwake, alichukua sehemu ya hataza badala ya fedha. Wadai wengine hawakuona thamani yoyote kwenye haki ya injini inayovuja. Boulton aliiona. Mwaka 1774 Watt aliwachukua watoto wake akahamia Birmingham, na injini ya Kinneil nayo ilifunguliwa vipande vipande na kusafirishwa huko.

Fundi wa mizinga

Aliyemaliza tatizo hakuwa msomi wala rafiki wa Watt. Alikuwa John Wilkinson, mfua chuma aliyezaliwa mwaka 1728, mwana wa mfua chuma, mwenye tanuri huko Bersham karibu na mji wa Wrexham nchini Wales. Alipenda chuma kupita kiasi, hata akajitengenezea jeneza la chuma, na mwaka 1808 akazikwa ndani ya jeneza la chuma.

Biashara yake moja ilikuwa mizinga ya kivita. Mzinga wenye tundu lililopinda haulengi, na unaweza kupasuka ukamuua anayeurusha. Mwaka 1774 Wilkinson alipata hataza ya kuchonga mizinga kutoka chuma kizima: mzinga wenyewe ndio unaozungushwa, na kisu kinasogezwa taratibu bila kuzunguka.

Silinda ya injini ina faida moja ambayo mzinga hauna: iko wazi pande zote mbili. Mwaka 1775 Wilkinson aliitumia faida hiyo. Alitengeneza mtaimbo mnene uliopita ndani ya silinda kutoka mwisho huu hadi mwisho ule na kutokea nje, ukashikwa imara pande zote mbili. Silinda ilifungwa isisogee. Mtaimbo ulizungushwa na gurudumu la maji, na kichwa chenye visu kikawa kinateleza taratibu juu ya mtaimbo kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Tazama kilichobadilika. Kisu hakikuongozwa tena na ukuta wa silinda, bali na mtaimbo ulionyooka. Silinda ikiwa imepinda, kisu hakikuifuata. Kilikata palipozidi na kupita bila kugusa palipopungua, mpaka duara likapatikana. Na kwa kuwa mtaimbo ulikuwa mnene na umeshikwa huku na huku, mtetemo ulipungua sana. Ni ule mwanzi juu ya mawe mawili.

Silinda ya Wilkinson ilifungwa kwenye injini ya majaribio kule Birmingham mwaka huohuo wa 1775. Matambara na karatasi vikaachwa. Mwezi Machi 1776 injini ya Watt yenye silinda ya inchi 50, yaani sentimita 127, ilianza kuvuta maji katika mgodi wa makaa wa Bloomfield, mbele ya watu waliokuja kushuhudia. Boulton alieleza kwa fahari kwamba silinda ya upana huo ilikosea pungufu ya unene wa sarafu ya shilingi ya zamani. Leo kosa hilo ni kubwa. Fundi wa injini ya pikipiki hawezi kulivumilia. Kwa wakati ule ulikuwa mwujiza, na ulitosha.

Injini zaanza kazi

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Bunge la Uingereza lilikuwa limeongeza muda wa hataza hadi mwaka 1800. Boulton na Watt walipeleka injini kwenye migodi ya Cornwall, ambako makaa yaliletwa kwa meli na yalikuwa ghali. Malipo yao yalikuwa theluthi ya fedha ambayo mwenye mgodi aliokoa kwenye makaa. Kwa miaka kama ishirini, karibu silinda zote za injini zao zilitoka kwa Wilkinson.

Watt alioa tena mwaka 1776. Katika miaka ya 1780 alibuni njia za kuifanya injini izungushe gurudumu badala ya kupandisha na kushusha pampu tu, ndipo viwanda vya nguo na vinu vya nafaka vikaanza kuitumia. Ili wateja waelewe nguvu wanayonunua, aliilinganisha na nguvu ya farasi. Mpaka leo mashine ya kusaga ya kijijini inauzwa kwa hesabu ya farasi, na farasi mmoja ni sawa na wati 746.

Ushirikiano na Wilkinson ulikwisha vibaya. Katikati ya miaka ya 1790 ilijulikana kuwa alikuwa akitengeneza na kuuza injini za aina ya Watt kwa siri bila kulipa. Boulton na Watt wakajenga kiwanda chao, chenye mashine yao ya kuchonga silinda.

Kuna upande mwingine ambao sisi Waafrika hatupaswi kuupita. Familia ya Watt ilipata fedha katika biashara ya Bahari ya Atlantiki iliyohusisha watu waliotumwa utumwani, na utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kuwa mwaka 1762 Watt mwenyewe alishughulikia kukabidhiwa kwa mtoto mweusi kwa familia moja ya Uskoti. Baadaye injini za kampuni yake ziliuzwa kwenye mashamba ya miwa ya Karibi yaliyolimwa na watumwa. Akili yake haifuti hilo.

Karakana ya darini

Watt alistaafu mwaka 1800, hataza ilipoisha. Hakuacha kazi. Darini mwa nyumba yake ya Heathfield, karibu na Birmingham, aliweka karakana, na huko alitumia miaka ya uzee akiunda mashine ya kunakili sanamu. Upande mmoja kuna kidole cha chuma kinachopapasa sanamu ya asili. Upande mwingine kuna kisu kinachozunguka na kuchonga jiwe au plasta kwa kufuata kila mwendo wa kidole hicho.

Katika mashine ya namna hiyo, adui ni yuleyule. Mkono unaobeba kisu ukilegea hata kidogo, mtetemo wake unaandikwa usoni mwa sanamu. Kwa hiyo mzee aliyepoteza miaka kumi kwa ajili ya silinda iliyopotoka alimalizia maisha akitafuta fremu isiyotikisika.

Alifiwa na binti yake Jessy mwaka 1794, na mwaka 1804 akafiwa na mwanawe Gregory kwa kifua kikuu. Yeye alifariki tarehe 25 Agosti 1819 akiwa na miaka 83, akazikwa Handsworth. Karakana yake ilifungwa ikabaki kama alivyoiacha, na leo imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi jijini London.

Mwaka 2011 wataalamu walichukua kalibu ya plasta iliyokuwa humo, isiyojulikana ni ya sanamu ya nani, wakaipima kwa miali ya leza. Kompyuta ikaligeuza umbo, na mashine ya kuchapa vitu, ile inayojenga kitu tabaka juu ya tabaka, ikalitengeneza. Ulitokea uso wa James Watt mwenyewe.

Mashine hizo za kuchapa vitu zipo Tanzania pia. Vijana wa Dar es Salaam wamewahi kuunda baadhi yake kwa mabaki ya vifaa vya elektroniki. Nazo hazijaepuka ugonjwa wa Kinneil. Kila tabaka la plastiki au chuma linawekwa likiwa moto, linapopoa linasinyaa na kulivuta tabaka la chini, na pembe za kitu zinainuka. Kichwa cha mashine kikienda kasi kwenye fremu dhaifu, kinatetemeka na kuacha vimawimbi.

Kwa fundi na mteja wa leo

Haya yanatuhusu moja kwa moja. Shafti ya mashine ya kusaga au ya kukoboa ikikerezwa vibaya, beringi inakufa kabla ya wakati, na gharama inamwangukia mkulima aliyelipia kazi mara ya kwanza. Viwanda vya chai vya Katumba na Mwakaleli navyo vinategemea shafti na roli zilizonyooka.

Ukipeleka kazi karakana, unaweza kuangalia mambo machache kwa macho na masikio.

Shafti ndefu inapokerezwa ishikwe pande zote mbili, si upande mmoja huku mwisho wa pili ukining'inia. Kisu kisitokeze sana nje ya kishikio chake. Mashine iwe imefungwa kwa bolti kwenye sakafu ya zege, si kusimama juu ya vipande vya mbao. Sikiliza pia: chuma kinachokatwa vizuri kinatoa mlio tulivu. Ukisikia mlio mkali wa kupiga kelele, kisu kinaruka, na ukipitisha kucha juu ya kazi utahisi vimawimbi. Fundi mzoefu hapo anapunguza kasi, au anapunguza kina cha kukata, au anafupisha kisu.

Kwa mchomeleaji wa mageti na fremu za trela, adui ni joto. Akianza kona moja na kuchomelea mfululizo hadi mwisho, chuma kitasinyaa upande mmoja na geti litapinda. Afunge kazi yake imara, aweke nukta ndogondogo kila kona kwanza, kisha achomelee kidogo upande huu na kidogo upande wa pili, akiacha chuma kipoe. Usimharakishe, maana haraka yako ndiyo itakayopinda geti lako.

Kutoka Bersham hadi Ziwa Nyasa

Mwezi Oktoba 1875, miaka mia moja baada ya Wilkinson kuchonga silinda ya kwanza ya Watt, meli ndogo ya mvuke iitwayo Ilala iliingia Ziwa Nyasa, ikiwa imebebwa vipande vipande kupita maporomoko ya mto Shire na kuunganishwa upya. Ilikuwa meli ya kwanza ya mvuke ziwani humo. Mwaka 1893 Wajerumani nao walishusha Hermann von Wissmann, meli iliyojulikana sana kwa wazee wa pwani ya Kyela. Ndani ya kila moja kulikuwa na pistoni inayopanda na kushuka ndani ya silinda ya duara.

Mwaka 1882 ilipendekezwa kwa wanasayansi wa Uingereza kwamba kipimo cha nguvu kiitwe kwa jina la Watt, miaka 63 baada ya kifo chake. Ndiyo ile W iliyo nyuma ya taa yako. Jina la Wilkinson halikuwekwa kwenye kipimo chochote, lakini mtaimbo wake ulioshikwa pande zote mbili bado unafanya kazi katika karakana zinazochonga silinda za injini.

 Kama una shafti inayokula beringi kila baada ya miezi michache, usianze kwa kuilaumu beringi. Muulize fundi aliikereza ikiwa imeshikwa wapi.